Kompyuta Yenu Inawaka Upesi Mno

Kwa Meneja,
Duka la Kompyuta, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA KASI

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni yule mtafsiri wa nyaraka mwenye kofia ya kijivu, niliyekuja wiki tatu zilizopita kubadilisha kompyuta yangu ya zamani, nikaongeza pesa na kuondoka na ile ya bei ya juu kuliko zote kabatini. Muuzaji wako aliisifia mambo manne: wembamba, ukimya, betri na kasi. Yote manne ni kweli, na ndiyo maana nalalamika.

1. Wembamba. Siku ya pili tu, mama mkwe aliingia nayo sebuleni ikiwa na vikombe vitatu juu yake, na wageni wakasifu kwamba sinia ni zuri. Ningesema nini mbele ya mama mkwe? Nilichukua kikombe changu, nikashukuru.

2. Ukimya. Ile ya zamani ilikuwa na feni inayonguruma hadi kwa jirani, nyumba nzima ikajua baba yuko kazini, asisumbuliwe. Hii haitoi hata pumzi, basi naonekana nimekaa tu natumbulia macho kioo. Jumatatu nilitumwa dukani mara nne. Mara ya nne ilikuwa chumvi, ambayo nilikuwa nimeileta mara ya pili.

3. Betri. Zamani chaji iliisha kila baada ya saa moja, nami nikanyoosha mgongo kwa sababu inayoeleweka. Sasa inakaa kutwa nzima. Jamani, mimi sikai kutwa nzima! Nina miaka hamsini na minane.

4. Kasi. Hapa, Ndugu Meneja, ndipo uliponivunjia nyumba.

Mke wangu ni fundi cherehani, na meza zetu zinatazamana katika chumba kimoja. Kompyuta ya zamani ilichukua dakika ishirini kuwaka. Kwa miaka tisa, kila asubuhi nikishaibonyeza, yeye alisimamisha cherehani, akabandika birika, tukanywa chai na kuzungumza mpaka iamke. Shule za watoto tulizipanga hapo. Ugomvi na kaka yangu tuliumalizia hapo. Hii yenu, kabla sijaketi sawasawa, imeshawaka na inasubiri niiambie la kufanya. Nami, mjinga mimi, nikawa naanza kazi.

Ijumaa kinyozi wangu alinipa hongera kwa posa ya binti yangu. Nilimshukuru kana kwamba najua, povu shavuni. Nilipomuuliza mke wangu, alisema alinieleza siku tatu mfululizo, nami nikawa naguna tu huku nachapa. Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Namkumbuka mke wangu, Ndugu Meneja, naye yuko hatua mbili kutoka hapa nilipo.

Kwa hiyo naomba fundi wako aje aipunguze kasi mpaka ichukue dakika ishirini kuwaka, au kumi na tano kwa kuanzia. Ikishindikana, nirudishiwe yangu ya zamani pamoja na feni yake. Na muuzaji wako afundishwe kumuuliza mteja kwanza kama ameoa.

Wasalimie wote hapo dukani, hasa mama wa risiti aliyenipa kiti. Mke wangu naye angekusalimu, ila sijapata nafasi ya kumwambia kwamba nakuandikia.

Ni mimi, mteja wako mwenye masikitiko,
Mtafsiri wa kofia ya kijivu

Nyongeza: Haya nayaandika kwa kalamu. Nilipomaliza tu kuitoa barua kwenye printa, kompyuta ilijizima yenyewe, ikajiwasha, ikaandika kwamba inajisasisha na nisiiguse. Asilimia mbili. Nilitaka kupiga meza, mara nikasikia cherehani imenyamaza. Sasa birika liko mezani, tumefika asilimia thelathini na nne, na nimeshajua bwana harusi anafanya kazi gani, mama yake yukoje, na kwamba mke wangu hulia kidogo kila akilishika gauni la binti yetu. Basi barua hii ichane, na fundi asije. Ila nijulishe jambo moja: masasisho haya huja kila siku? Na kama hayaji kila siku, niongeze kiasi gani ili yaje?