Tiketi ya Ndege Yenye Neno "Kuanzia"

Leo nimeaibika mchana kweupe, katikati ya Karatu, na nawasimulia mwenyewe kabla wifi yangu hajawafikia. Yeye atatia chumvi. Mimi nawapa kama ilivyokuwa.

Wifi yangu ni Emiliana, dada wa mume wangu. Yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, njia ya kwenda getini Ngorongoro. Mwaka jana kazini kwake walimpeleka Dar kwenye mafunzo, kwa ndege. Tangu hapo hatujapumua. Ukimpa chai, anakwambia chai ya kwenye ndege inamiminwa taratibu. Ukilalamikia vumbi la Karatu, anakwambia ukiwa juu vumbi hulioni. Picha yake ya dirishani, yenye bawa na wingu, ameiweka kwenye simu mpaka leo. (Nimeitazama mara nyingi kuliko anavyojua. Nilikuwa natafuta kasoro.)

Mimi ni mama wa vitunguu. Nanunua Mang'ola, naleta kwa lori, nauza sokoni. Juu kabisa nilikowahi kufika ni juu ya magunia.

Sasa, shemeji yangu wa mwisho, mdogo wao, anaoa Dar. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw, magoti yake hayaliwezi tena basi la kutwa nzima. Jumapili tukiwa kwake, tumemaliza kula, Emiliana akasema kwa ile sauti yake ya mapokezi, "Aayo, usijali. Nitakupandisha ndege. Tutakaa pamoja."

Aayo akatabasamu. Tabasamu lile mimi sijawahi kupewa, na kuni zake nimezibeba tangu niolewe. Wivu ukanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikausikia mdomo wangu unasema, "Hapana, wifi. Safari hii nampandisha mimi. Mimi na Aayo. Nauli zote juu yangu."

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi juu ya bati.

Lakini sikuwa nimeropoka tu. Nilishaona tangazo kwenye simu. Ndege, Arusha hadi Dar, bei ndogo ya kushangaza, kwa herufi nyekundu, pembeni dada anacheka. Nilipiga hesabu ya watu wawili nikaona pesa yangu inatosha, na chenji ya viatu vya harusi inabaki. (Viatu nilishavichagua. Visigino virefu kuliko vya Emiliana.)

Leo asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri, nikampitia Aayo, tukaenda kwa wakala wa tiketi pale barabara kuu. Emiliana naye akatokea. "Nakusindikiza tu, wifi," akasema. "Mara ya kwanza huwa ina mambo yake."

Ndani tulimkuta kijana wa tiketi, Joshua, nyuma ya kompyuta. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja mfugaji kutoka Malambo, na shuka yake nyekundu, anasubiri tiketi ya binti yake.

"Nataka viti viwili vya Dar," nikasema, sauti ya kusikika mpaka nje. "Kwa bei hii." Nikamwekea simu mezani.

Joshua akaitazama simu, halafu akanitazama mimi kwa huruma. "Mama, hapa pameandikwa 'kuanzia'."

"Wapi?"

Akakuza picha kwa vidole viwili. Kweli lilikuwepo. Lilikuwa limejificha chini ya kiwiko cha yule dada anayecheka.

"Na hiyo ni ya kwenda tu," akaongeza.

"Mwanangu, tunakwenda harusini, hatuhamii."

"Kurudi ni bei nyingine, mama."

Emiliana akaanza kukagua kucha zake.

Joshua akawa anabonyeza, na kila akibonyeza namba kwenye kioo inanenepa. Kodi ya ongezeko la thamani. Ada ya uwanja. Ada ya usalama.

"Usalama wa nani?" nikauliza.

"Wako."

"Mimi sina ugomvi na mtu huko juu."

"Ni lazima kwa kila abiria." Akabonyeza tena. "Na hii ni ya mafuta."

"Kwa hiyo bei ya mwanzo ilikuwa ya ndege isiyo na mafuta?"

Akabonyeza. "Na ada ya huduma."

"Huduma gani?"

"Hii ninayokuhudumia."

Mzee wa Malambo akashindwa kuvumilia. "Kijana, kwetu ukinunua ng'ombe, mkia na kwato anakuja navyo. Huitwi tena baadaye ukalipie mkia."

Nilimpenda yule mzee papo hapo. Nikapata nguvu. "Hii ni lumbesa," nikasema. "Mimi nauza vitunguu, lumbesa naijua. Gunia limeshajaa, mnalishonea kofia juu, mnajaza tena, halafu mnasema ni gunia moja."

"Lakini mama," Joshua akasema polepole, "lumbesa si ninyi wafanyabiashara ndio mnawajazisha wakulima?"

Nikamwambia abonyeze tu, tusipoteze muda.

Tukafika kwenye mizigo. Ile bei, kumbe, ni ya mtu na begi dogo la mkononi. Mzigo mkubwa una ada yake. Aayo akainua kichwa. "Na jogoo?"

Vidole vya Joshua vikasimama juu ya kompyuta.

"Jogoo haendi, bibi," Joshua akasema.

"Ni wa mwanangu anayeoa."

"Pole, bibi. Hata akioa, haendi."

Kisha ikaja jumla. Sitaitaja hapa. Nitasema tu kwamba nilizihesabu pesa zangu chini ya meza, nikazihesabu tena kuanzia upande wa pili, na pande zote mbili zilitosha mtu mmoja na kidogo juu.

"Nipunguzie," nikasema.

"Mama, mashine haipunguzi."

"Iulize."

"Niulize nani?"

"Mashine."

Nyuma yangu nilisikia Emiliana anapumua kwa pua. Nilimfahamu. Alikuwa anacheka kwa ndani.

"Basi nitarudi kesho," nikasema.

"Kesho inaweza kuwa imepanda," Joshua akanijibu.

Hapo Aayo akanigusa mkono. "Mwanangu, kama ni ngumu, acha. Nitapanda basi. Magoti nitayafunga kitambaa."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini. Nikamwona njiani, amenyoosha miguu kati ya viti, anaumia na hasemi. Nikatoa pesa. "Kata ya Aayo. Kwenda na kurudi. Na hizo ada zako zote."

Joshua akazipokea kwa heshima. Halafu, bila ubaya wowote, akauliza, "Bibi amewahi kupanda ndege? Ingefaa asafiri na mtu."

Nilichosikia ni zipu. Zipu ya mkoba wa Emiliana, inafunguka taratibu kama chai ya kwenye ndege.

"Usijali, wifi," akasema. "Yangu nitalipa mwenyewe. Kaka, tuweke pamoja. Mimi dirishani." Akaambiwa kuchagua kiti nako kuna ada. Akalipa kwa simu, hata bila kuuliza ni ya nini.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Tulipofika nje Aayo akauliza, "Na mzigo wangu? Maharage, asali, mahindi, na huyo jogoo?"

Wote wawili wakanigeukia.

"Wifi si atakuja na basi," Emiliana akasema. "Na begi langu la nguo pia, wifi. Ada ya mizigo si umeisikia mwenyewe?"

Kwa haki niseme na hili. Aayo alinishika mkono barabarani pale, magari ya watalii yanapita, akaniambia, "Umenipandisha ndege. Nitamwambia kila mtu ni wewe." Na akanipa lile tabasamu, lote, bila kulikata. Machozi yakanilengalenga.

Kisha akaongeza, "Emiliana atanipiga picha dirishani."

Mume wangu nimemweleza jioni hii. Yuko nje, anajifanya anatafuta kitu bandani, lakini mabega yake yanatikisika. Mwacheni, yeye ni wangu. Ninyi wengine nawaomba kitu kimoja: mkinikuta stendi alfajiri, msicheke. Mmoja anishikie jogoo, nipakie begi la wifi.