Uzinduzi wa Tahadhari Kiganjani, Toleo la Pili

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, waheshimiwa mliofika, mlioko njiani na mliotuma udhuru, wachungaji, masheikh, wazee wa Ikolo, wafanyabiashara wa Bondeni, akina mama wa kakao na mpunga, itifaki imezingatiwa: mugonile! (Ndaga!) Mimi, Lameck, Mratibu wa Mpito wa Kidijitali, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao viongozi wengi hawana. (Makofi, meza kuu.)

Ndugu wananchi, imeletwa kwangu changamoto kwamba programu yetu ya simu, Tahadhari Kiganjani, iliyokuwa ikiwaonya mto unapofurika, tangu ilipoboreshwa imezikataa simu zenu za zamani, kwamba ukiifungua inakuandikia “kifaa chako hakitumiki tena”, basi, kimya. Tuelewane kitaalamu: programu haijaharibika, ila simu zenu ndizo zimeshindwa kwenda na kasi yangu. (Minong’ono.) Ndiyo maana, kwa juhudi zangu binafsi, tumejenga pale Ndandalo Kituo cha Kuhuisha Simu Kongwe, chenye seva, apudeti na mastekiholda wa kutosha, ambacho kimekamilika kwa asilimia mia moja na nne! (Vigelegele, kwaya iliyoalikwa.)

Naona mkono wa Mama Tusekile. Sema, mama. (“Mheshimiwa, mpunga wangu wote nimeuanika kule mtoni, ndio chakula, ndio ada ya mwanangu. Simu imekufa, rimu mmeling’oa. Maji yakija, nani ataniambia?”) Swali zuri sana, mama, ndaga fijo, asante sana. Ni kweli lile rimu la gari, alilokuwa akiligonga mzee Nsajigwa kila mto ukijaa, tuliliondoa kwa kuwa halina intaneti, lakini hatukulitupa, ndilo hili hapa linashikilia mlingoti wa spika. (Kicheko.)

(Kijana mmoja anaruka kutoka kitini: “Maji! Maji hayo yanakuja!”) Maji yapi? Asifiwe, mwanangu, keti. Simu yangu ni mpya kabisa na haijalia, kwa hiyo kimfumo hayo siyo maji. (Watu wanasimama.) Tuzingatie utaratibu! Ni kweli yamefika kwenye viatu vyangu, lakini bado hayajathibitishwa. Mzee Nsajigwa, usiguse hilo rimu, spika ita… (Spika inaanguka. Ngo! Ngo! Ngo! Mkutano mzima unakimbilia mtoni kuokoa mpunga.)

Teknolojia juu! (Kimya.) Kituo chetu, fahari yetu! (Kimya.) Basi, kwa kuwa nimebaki na viti, nawashukuru sana viti kwa uvumilivu wenu, na nawaomba msimwambie mtu kwamba kule Ndandalo hata kiwanja hatujapata, na hilo toleo la pili ni picha tu ya hayo maneno ya kukataa simu, niliyochorewa na binti wa steshenari.

Mama Tusekile! Umeuwahi? (Kutoka mbali: “Nusu, Mheshimiwa! Acha maneno, njoo ushike turubai!”) Nakuja, mama, ngoja nivue viatu. Na wewe mzee Nsajigwa, gonga, baba, gonga na Ndandalo wasikie, na ukimaliza ulitundike palepale lilipokuwa.