Puli ya Milimita Tisini

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Gloriose kakubali. Jumamosi, harusi ya Kaneza, atakaa kiti cha mbele cha V8 yangu ya mwaka 1971, kutoka kanisani Glenwood hadi ukumbini Overport. Kanijibu kupitia ukuta wa mbao unaotenga cherehani yake na gereji yangu hapa Isipingo. "Sawa, kaka Pandu."

Kaka. Mwaka wa pili huu. Bizimana wa teksi anamwita Bizi. Nani alimpa jina hilo?

Huyo Bizimana naye kaalikwa. Kapita jioni kuuliza kama babu yangu bado anakohoa akipanda mlima. Babu ni gari.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepiga hesabu. Puli ya injini, gurudumu la kuvuta mkanda, ni milimita 180; ya altaneta inayochaji betri, 60. Injini ikizunguka mara moja, altaneta inazunguka mara tatu, na inakula nguvu zangu bure. Nikiweka puli ya 90, itazunguka mara mbili tu. Narudishiwa nguvu za farasi watatu. Mlimani Bizimana atabaki na moshi.

Gilbert mkereza vyuma kanichongea, lakini kwa manung'uniko. Eti gari likiwa sailensa, yaani linanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, injini inazunguka 700. Mara mbili ni 1,400, na altaneta hii haichaji chini ya 2,000. Nikamuuliza nani ananunua V8 akae sailensa. Kauliza kama nimewahi kufuata bibi harusi wa Kirundi. Swali la ajabu. Mimi fundi, si mshenga.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimejaribu mlima. Farasi watatu nimewasikia mgongoni.

Gloriose kaja mwenyewe kufunga utepe kwenye boneti. Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema kaka. Dakika kumi na moja. Sina nyingine kama hizo mwaka huu.

Jumamosi, 15 Novemba

Msafara wa harusi hauendi. Unacheza. Mashangazi mbele kwa miguu, wanarusha mikono, magari nyuma yao kama konokono. Taa kubwa zimewashwa, taa za hazadi zinapepesa, honi bila kupumzika, redio mpaka mwisho. Kilomita moja na nusu kwa dakika hamsini na tano. Kwenye betri ampea arobaini zinatoka, sifuri inaingia.

Gloriose alikuwa anaimba. Kiwiko chake sentimita nane kutoka kwangu. Nilikuwa nakaribia kusema neno.

Honi ikaanza kulia kama mbuzi mwenye mafua. Redio ikanyamaza. Penye roboti, zile taa za kuongoza magari, ikiwa kijani, injini ikazima.

Bizimana kashuka, kazunguka gari taratibu, katangaza kwamba babu kaomba kulala. Mashangazi wakacheka hadi wakashikana. Gloriose kanishika bega, kasema, "Pole, kaka Pandu," kahamia kwa Bizi. Kiti cha mbele.

Pini moja imebaki kwenye kiti changu.

Jumapili, 16 Novemba

Ujumbe wa sauti wa Gloriose! Kwaya inakwenda Pietermaritzburg Jumamosi ijayo. Gari la Bizimana limejaa ngoma, je, naweza kumpeleka, kaka Pandu? Nimeusikiliza mara sita. Mara ya sita ile kaka ilikuwa fupi kidogo.

Kosa nimeliona: puli ilikuwa kubwa. Sasa nataka ya 40. Mara nne na nusu. Sailensa napata 3,150. Wacheze mpaka Krismasi, sizimiki.

Nimempigia Gilbert. Kakataa kwanza. Eti njia ile ni mlima mtupu, nikikanyaga hadi 5,000 altaneta itafika 22,500, na ikipita 18,000 inapasuka. Nikamwambia atulie, ndugu yangu. Nitakuwa nimebeba mwanamke, nitakwenda polepole, sishindani na mtu.

Kakubali kuchonga.

Kabla sijakata simu nikamuuliza, kwa kuulizia tu, Bizimana anaondoka saa ngapi.