Walinzi Wanne Wanaogeuza Shingo

Eckernförde, Jumamosi asubuhi

Ndugu Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa nyambizi, "Mawimbi ya Kijivu",

Nawaamkia kwa heshima. Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nahodha "Papa Kipofu" anayemzamisha babu yangu kila Jumamosi ni mimi. Yeye huchezea jikoni, mimi chumbani juu. Nilimaliza shule Julai. Kuongea na watu naona haya, ila kuzamisha naweza.

Babu Hinnerk alitumikia jeshini katika nyambizi halisi. Jumamosi iliyopita alipiga kelele hadi ngazini: "Wiebke! Lile jambazi limenizamisha tena! Hii si nyambizi, ni trei ya keki! Nikishindwa tena, kompyuta naitupa bandarini!" Akiitupa, Jumamosi zetu zimekwisha. Kwa hiyo nalalamikia jinsi nyambizi zenu zinavyokimbia juu ya maji.

1. Nyambizi halisi ikiwa juu ya maji, mnarani mwake husimama walinzi wanne, kila mmoja na robo yake ya bahari. Robo ya mwenzako haikuhusu hata ikiwaka moto. Kwetu hata mezani ni hivyo: robo yangu ni dirisha na siagi, keki iko robo ya shangazi Gesche, siruhusiwi kuitazama. Walinzi wenu, meli ikitokea, wote hugeuza shingo kama waliosikia ugomvi kwa jirani.

2. Hakuna anayelowa. Babu alilowa mwaka 1966 na anasema hajakauka vizuri mpaka leo.

3. Nyambizi yenu ikija juu kuchaji betri, hujaa kabla yai halijaiva. Naomba zichukue saa sita, na mchezaji asiinuke kitini.

4. Kwa kuwa kiti hakiyumbi, kila mchezo uuzwe pamoja na ndugu wa kukiyumbisha na kummwagia mchezaji ndoo ya maji ya chumvi. Nimemuuliza shangazi Gesche, akasema, "Babu yako? Hata sasa hivi, bure."

Nisalimieni wote hapo kazini, hasa anayechora mawimbi. Ni mazuri kweli.

Wenu mwenye adabu,
Wiebke Lorenzen

N.B. Kabla sijatuma, tumecheza. Meli ilitokea kushoto, tukaikodolea macho, mimi na walinzi wangu wote wanne. Babu akaja kutoka kulia, juu ya maji, mchana kweupe, akanizamisha. Kwa kelele zake vikombe viliruka kabatini. "Wiebke! Nimempata! Kageuza shingo, bwege yule, kama mlinzi wetu Kramer mwaka 1966! Huu ndio mchezo wa kweli!" Niliposhuka alinikatia keki, robo ya shangazi au si robo ya shangazi.

Tafadhali msibadilishe kitu. Na huyo Papa Kipofu, babu akiwauliza, hamumjui.