Ufunguo wa Kisanduku cha Ruta

Jumatatu, 9 Juni 2025
Stima ilipotea alfajiri. Iliporudi, ruta inayogawa intaneti kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Komarock ilikuwa imesahau hata tarehe. Nikaiwekea saa mwenyewe. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nikaandika 02:00. Kazi safi. Ufunguo wa kisanduku chake ninao mimi peke yangu, na Ndolo, dereva wa lori wa ghorofa ya pili, anautamani mpaka macho yanamtoka. Mama Nzisa, mwenye nyumba, ameonya kwamba mtandao ukisumbua tena ufunguo unahamia kwake. Thubutu!

Jumanne, 10 Juni
Ruta huandika kila nyumba imetumia data kiasi gani, na saa ngapi. Nimefungua takwimu za jana nikaduwaa. Saa mbili usiku, kimya ploti nzima. Saa nane mchana, kila nyumba inapakua kwa fujo, hata ya Ndolo, ambaye saa hiyo yuko barabarani. Nimebadilisha waya. Nimepangusa vumbi. Takwimu ni zilezile. Basi ni za kweli, na kuna mwizi. Anayefanyia kazi nyumbani ni mmoja tu: Habon, anayeuza madira, yale magauni mapana ya Kisomali, mtandaoni.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Habon najua anatumia nywila za wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema walahi, mchana huwa Eastleigh akichukua mzigo, na mlango wake una kufuli. Uongo mtupu. Ruta haina sababu ya kunidanganya. Nimeiamuru ikate mtandao kila siku, 13:00 mpaka 16:00. Tuone.

Alhamisi, 12 Juni
Mchana mtandao haukukatika. Ulikatika saa moja jioni! Mpira wa Ndolo ukaganda. Mama Nzisa alikuwa akitoa ushuhuda kwa simu, katika ibada ya mtandaoni mbele ya waumini wenzake, akakatwa katikati. Saa mbili usiku wote walikuwa mlangoni kwangu. Habon akaomba kuona saa ya ruta. Ilisema 14:00. Akasema ruta iko nyuma kwa saa sita, kwa hiyo mwizi wangu wa mchana ni watu wote wakitazama runinga jioni.

Ndolo akaangua kicheko. "Kilonzo buda, uliiwekea saa ya Kiswahili!"

Niliwajibu kwamba ilikuwa saa mbili na nikaandika mbili. Kosa liko wapi? Mama Nzisa akanyoosha mkono. Ufunguo umechukuliwa. Nimeumia sana. Kile kisanduku nilikipaka rangi mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni
Ndolo kasogeza saa na takwimu zimenyooka. Bahati tu. Habon anasubiri nimwombe radhi. Aombwe na ruta, ndiyo iliyomsingizia.

Habari njema: Mama Nzisa amenunua kifaa kinachowasha pampu ya maji chenyewe kwa saa iliyopangwa, na hajui kukipanga. Nilijitolea kabla Ndolo hajashuka ngazi. Watu wanataka maji ya kuoga saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Nikaandika 12:00, nikakagua mara mbili, nikafunga kisanduku cha pampu. Ufunguo wake uko mfukoni mwangu. Kesho wataniheshimu.