Mstari wa Kwanza wa Mfalme Duku

Jumapili, 8 Februari

Mchezo wa rafiki yangu Levi umefika mtaani Lemon Gaba. Tumekaa uani kwa kina mpenzi wangu Charity, chai mkononi. Levi anasimulia, sisi tunajifanya watu wa hadithi. Hadithi ikikwama, unarusha dadu mbili, unajumlisha, unasoma kwa orodha nini kimetokea. Sita, mamba. Tisa, mvua. Babake Charity, Mzee Duku, amekuwa mfalme. Mtu ameninunia tangu Krismasi, leo amecheka na mimi! Mimi nilikuwa mchuuzi. Hata kwa hadithi sijapanda cheo.

Jumanne, 10 Februari

Sokoni Nyakuron hakuna wateja. Vifuniko vya simu vinaniangalia, nami naviangalia. Charity amepita. Shangazi yake wa Arua ameshamtafutia mwalimu wa kumwoa, ati nisipoleta posa kabla ya Pasaka, khalas, yameisha. Posa gani, na babake hata salamu haitikii?

Nimepata dawa. Jumapili nasimulia mimi, kwa orodha yangu. Mistari kumi na mbili. Wa kwanza, mahali pa heshima: Mfalme anampa mchuuzi binti yake. Mzee akikubali mbele ya watu, atageuka vipi?

Alhamisi, 12 Februari

Mazoezi. Nimerusha dadu mara hamsini. Moja haijatoka. Nimeziosha na sabuni. Bado.

Levi amesoma orodha, akacheka mpaka akashika ukuta. Namuuliza nini, ananiambia endelea tu, ndugu yangu. Wivu huo.

Jumapili, 15 Februari

Mamba. Mvua. Mamba tena. Mbuzi wa mfalme anaharisha. Jasho limenishika.

Charity akaomba orodha. Akasoma, akaniangalia vile unaangalia mtoto amevaa viatu kushoto kulia. Halafu akamwambia babake dadu moja imeingia chini ya kiti, arushe tu hii imebaki. Nikainama kuitafuta. Akanikanyaga vidole.

Mzee akarusha. Moja!

Charity akasoma mstari polepole. Mzee akanipima kutoka viatu mpaka kichwa. Akasema mfalme ana swali: huyu mchuuzi ana wajomba wa kumsemea, ama anatembea na dadu peke yake? Nikasema ninao, wako Machakos. Akasema basi waje kabla ya Pasaka, na hapo ameshatoka kwa hadithi. Akaniongezea chai mwenyewe. Nimeinywa ikiwa moto, ulimi umeungua, sijali.

Jumatatu, 16 Februari

Charity amenielezea, mkono wake juu ya wangu. Dadu mbili, hata zianguke vibaya namna gani, zinaanza na mbili. Moja haiko. Ile nyingine ilikuwa kwa ngumi yake wakati mimi natambaa chini ya kiti.

Nimeelewa kabisa. Huyu ndiye mke.

Sasa naandika orodha ya siku ya wajomba, dadu ziamue mahari. Kosa sirudii. Mzee anapunguza ng'ombe nusu: hiyo nimeitoa kule chini kwa moja. Nimeiweka juu kabisa, kumi na tatu.