Ombi la Kupimwa Udereva Baada ya Adhuhuri

Jomvu Kuu, Mombasa
Alhamisi, 18 Julai 1963

Kwa Bwana Mkaguzi wa Madereva,
Ofisi ya Leseni za Motokaa, Mombasa.

Bwana Mkaguzi Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima zote ulizo na haki nazo, pamoja na zile za ziada ambazo mwenye shida hutia ili mzigo wake uonekane mwepesi.

Naitwa Mbarak bin Stambuli, muuza vitambaa wa Changamwe, mkazi wa Jomvu Kuu, umri miaka hamsini na miwili, mume wa Zubeda, baba wa mabinti wanne, tena dereva. Hili la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Barua yako ya juzi yaniamuru nije mbele yako Jumatatu, saa mbili za asubuhi, mimi na motokaa yangu, nipimwe upya. Na nikishindwa, leseni yangu ibaki mezani kwako. Kupimwa sikatai. Naomba tu saa mbili za asubuhi ziwe saa nane za mchana. Sababu zangu nimezitia nambari usije ukapotea, kwani mke wangu asema nikimwelekeza mtu kisimani hufika Mazeras.

1. Lalamiko langu la kwanza ni juu ya msaada usioombwa. Motokaa yangu ni ya Kimarekani, ndefu hata nikiiegesha mlangoni kwangu mkia wake unalala kwa jirani. Niliinunua mwaka jana kwa Mzungu mmoja wa Nyali aliyekuwa akifunga virago. Alinisifia jambo moja: usukani wake husaidiwa na mtambo wa mafuta. Dereva agusa kwa kidole, na mtambo wamaliza kazi. Mimi gurudumu nililolizoea ni la cherehani, basi nikaona hili ndilo la kimo changu.

Sikuambiwa kuwa mtambo huo waweza kuacha kazi ghafla, bila kuaga. Ni sawa na mtu mliyeshikana naye kupandisha kabati ghorofani, mkafika katikati ya ngazi, yeye akakumbuka ana miadi. Motokaa isiyo na msaada tangu asili humzoesha mwenyewe uzito wake. Hii yangu hukulea kama mwana wa pekee, ikakudekeza, kisha ikakutupa mkono penye kona. Nauliza kwa adabu: sheria yaruhusu?

2. Lalamiko la pili ni la Bi Mwanasaumu, nami nalileta kwa niaba yake, kwa kuwa yeye lake amekwisha kulitoa, na mtaa mzima ulisikia. Bi Mwanasaumu huuza mahamri na mbaazi chini ya kibanda chake, pale njia inapopinda baada ya msikiti. Jumanne ya wiki iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nilifika kwenye kona hiyo, nikageuza usukani, usukani haukugeuka. Nilikuwa kama mtu anayejaribu kufungua mtungi wa achari uliofungwa na mama yake. Njia ikapinda, mimi nikaenda moja kwa moja.

Nilisimama, alhamdulillahi, pua ya motokaa ikiwa baina ya karai la mafuta na sufuria ya mbaazi. Hakuna aliyeumia. Bi Mwanasaumu hakuondoka hata kwenye kigoda chake. Alinitazama kupitia kioo, mwiko mkononi, akasema, “Mbarak, wateja wangu wote huja kwa miguu. Wewe una njaa gani?” Kisha akaniuzia mahamri sita. Nikayala papo hapo.

3. La tatu nitaliandika kwa ufupi kwa sababu mkono wangu haupendi kuliandika. Jumamosi iliyofuata asubuhi tulikuwa twaenda Kibokoni kumtazama mzazi na mtoto wake mchanga. Mbele tulikaa mimi na Zubeda. Nyuma alikaa mama yake, Bi Barke, pamoja na binti zangu wawili wadogo. Tukishuka kuingia Makupa, pale barabara inapojipinda kabla ya kuvuka maji, lori la makonge likaja upande wake, nami nilitakiwa nirudi upande wangu. Usukani ukafa mikononi mwangu. Nikauvuta kwa nguvu zote. Zubeda alijitupa juu ya usukani tukauvuta kwa mikono minne, na lori likapita huku likipiga honi, likachukua kioo cha pembeni. Tulisimama tairi moja ikiwa hatua mbili kutoka kwenye maji.

Bi Barke alikuwa amekwisha piga shahada mara tatu. Hafswa, kitinda mimba wetu, aliuliza kama tumefika.

Tangu siku hiyo Zubeda huenda kwa basi. Hanilaumu, na afadhali angenilaumu. Asubuhi huvaa buibui lake, hupita kando ya motokaa, akaipapasa boneti kama anayempa pole mgonjwa, akaenda zake kituoni.

4. La nne ni juu ya mashahidi wanaochelewa. Siku ile ya Makupa askari Ngowa alikuja, akaamuru motokaa isukumwe pembeni, akasema ataiangalia akimaliza kula. Saa nane mchana akaingia, akauzungusha usukani huku na huku kwa kidole kimoja, kile kidogo, akinitazama dirishani. Taarifa aliyokuandikia nimeiona: “Usukani mzima. Dereva achunguzwe.” Bwana Mkaguzi, nimesoma mashairi ya kejeli tangu utotoni, sijapata kuona maneno manne yanayouma hivi.

Nikaenda kwa fundi Jefwa wa Changamwe. Jefwa ni fundi hodari, lakini asubuhi ni mwajiriwa wa reli, kwa hivyo magari ya watu huyashika baada ya adhuhuri. Amekuja kwangu mara tatu, mara zote mchana, na mara zote usukani ulikuwa mwepesi kama ukili wa mkeka. Mara ya tatu aliniambia, “Mzee Mbarak, mimi sina la kutengeneza. Hili gari lakuogopa wewe tu.” Nilimwambia kuwa asubuhi huwa zito. Akanijibu kuwa hata yeye asubuhi huwa mzito, na hakuna aliyempeleka kwa fundi.

Mama mkwe wangu naye alitoa rai yake: “Mwanangu, kilichokataa usikibembeleze.” Hata hivyo akanipa ubani, nikaifukiza motokaa jioni tatu. Asubuhi ya nne motokaa ilikuwa nzito vile vile, ila ilinukia kama bibi harusi.

5. Baada ya kukosa msaada wa serikali, wa fundi na wa ubani, nimechunguza mwenyewe. Nimegundua kuwa ugonjwa huu huja asubuhi peke yake, tena zaidi asubuhi za kipupwe hiki, na jua likishapanda huondoka. Sababu iko wazi. Motokaa hii ilikaa miaka mitano kwa Mzungu wa Nyali, mtu ambaye kwa ushahidi wa mpishi wake alikuwa haamki kabla ya saa nne. Chombo huchukua tabia za mwenyewe. Viatu vya mtu aendaye upande huisha upande, sembuse motokaa? Hii haijaharibika. Imezoea kulala.

Ukilikubali hilo, na sioni utalikataaje, basi kunipima saa mbili za asubuhi ni kumpima mtu juu ya punda aliyelala, kisha ukasema mpandaji hajui kuendesha. Sisemi hatari haipo, Bwana Mkaguzi. Nasema hatari ina saa zake.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ukishindwa na moja chukua linalofuata:

Ya kwanza, nipimwe saa nane mchana.

Ya pili, ikiwa ofisi yako haiwezi kubadili saa, basi ibadili njia. Nipimwe mahali pasipo kona. Motokaa yangu kwenda moja kwa moja haijapata kushindwa hata siku moja, na Bi Mwanasaumu ni shahidi.

Ya tatu, tukiwa twangojea Uhuru mwezi Desemba inshallah, serikali mpya iikate barabara ya Jomvu hadi mjini iwe nyoofu. Kona hizi zote zilichorwa zamani, na wananchi wa huku hatukuulizwa. Msikiti unaweza kubaki ulipo. Kibanda cha Bi Mwanasaumu kitahitaji kuhamishwa kidogo, lakini naomba asiambiwe kuwa rai hii ni yangu.

Ya nne, kwa faida ya wote: bandarini hutolewa ratiba ya maji kujaa na kupwa, ili manahodha wajue saa za kuingia. Kwa nini kusiwe na ratiba ya usukani? Ibandikwe nyumba ya posta: motokaa fulani ni nyepesi kuanzia saa nne, watembea kwa miguu wa Jomvu na Changamwe waombwa kutoka nje baada ya saa hiyo. Wazazi wakiujua wakati, watawachelewesha watoto kwenda chuo cha Kurani. Hili ni jambo dogo sana kuliko kumnyang'anya mtu wa miaka hamsini na miwili leseni yake, akaonekana na mama mkwe wake akisubiri basi.

Bwana Mkaguzi, sitaki kukuficha jambo. Leseni hiyo ndiyo karatasi pekee yenye jina langu ambayo binti zangu wamewahi kuomba waione. Waliishika kwa zamu, wakanawa mikono kwanza. Sitaki niwarudie Jumatatu bila hiyo.

Nisalimie makarani wote wa ofisi yako, na yule mwenye miwani aliyenisahihishia fomu yangu mwaka jana bila kucheka. Nisalimie askari Ngowa. Mwambie kinyongo sina, na kidole chake nakikumbuka. Zubeda na Bi Barke wakusalimu, ingawa hawajui nimekuandikia. Na kwako wewe, Mola akupe afya, na wepesi katika kila unaloligeuza.

Wako katika utiifu na unyoofu,

Mbarak bin Stambuli

Baada ya sahihi. Ijumaa, saa tatu za asubuhi.

Bwana Mkaguzi, bahasha ilikuwa imekwisha lambwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika. Jefwa amepewa ruhusa leo kazini, akafika kwangu saa moja asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akakaa penye usukani, akauvuta, haukwenda. Nikafurahi nusura nimkumbatie: nimepata shahidi! Akashuka, akafunua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya usukani, akatia kidole. Kikatoka cheupe. Akakinusa. Akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, akacheka mpaka majirani wakatoka.

Zubeda akaja, akanusa kidole cha Jefwa kwa mbali, akasema, “Hayo ni mafuta yangu ya nywele.”

Ni kweli. Mwezi uliopita Jefwa aliniambia kuwa kikopo hicho kimepungua mafuta, nikanunue mkebe wa mafuta yake mjini. Mimi nikaona mjini ni mbali, na ndani ya nyumba mna chupa nzima ya mafuta ya nazi, yaliyopikwa kwa mkono wa Bi Barke, safi, yasiyo na shaka, yanayolainisha hata nywele za shangazi yangu. Nikamimina yote. Chupa nikamsingizia paka.

Mtoto wa miaka mitano wa Jomvu ajua kuwa mafuta ya nazi huganda kipupwe kikiingia. Ndiyo maana kila asubuhi mwezi huu kuna chupa juani katika kila ua, pamoja na wetu, na kila asubuhi mimi nimeziruka chupa hizo kwenda kuingia motokaani. Mzungu wa Nyali simdai chochote. Mimi ndimi niliyeupeleka ukoo wangu hatua mbili kutoka kwenye maji, na jana usiku niliketi kukuomba unisaidie nisionekane nikisubiri basi.

Jefwa ameukosha mtambo, ametia mafuta yake, na usukani sasa waenda kwa kidole saa yoyote. Kwa hivyo malalamiko ya 1 hadi ya 5 yafute. Maombi yafute yote, na la barabara lichane kabla Bi Mwanasaumu hajapata habari. Taarifa ya askari Ngowa iache kama ilivyo. Alisema kweli, maneno yote manne.

Leseni yangu imo humu ndani, usingojee Jumatatu. Nimewaeleza binti zangu mwenyewe, asubuhi hii. Mkubwa wao akauliza kama karatasi ile yaweza kuandikwa jina jingine. Zubeda akajibu kuwa hiyo haiwezi, ila nyingine yaweza. Basi utakuta na fomu ya kuomba kujifunza udereva, iliyobaki kwangu tangu mwaka jana. Ameijaza Zubeda mwenyewe, kwa kalamu hii, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti. Atafundishwa na Jefwa, na Bi Barke atakaa nyuma na tasbihi.

Penye swali kama mwombaji amewahi kushika usukani, ameandika: “Mara moja, Makupa.”